Njia ya hewa ya rejeta kwenye gari la mashindano: mipango mitatu kwa barabara za Mtwara na Lindi

Gari la mashindano likianza kuchemsha, gereji nyingi hukimbilia mambo mawili: kununua rejeta nene zaidi, au kukata bampa ili mdomo wa kuingizia hewa uwe mpana. Mara nyingi pesa hiyo hupotea. Rejeta hupozwa na hewa inayopita katikati ya mapezi yake, yaani vibati vyembamba vilivyopangwa kati ya tyubu za maji, na hewa haipiti kama nyuma yake hakuna pa kutokea. Ukipanua mdomo huku chumba cha injini kimejaa presha, hewa iliyoongezeka itarudi na kupita kando ya bampa, na geji ya joto haitashuka hata nyuzi moja.

Kuna mipango mitatu ya kuchagua. Wa kwanza ni rejeta iliyo wazi, inayotegemea feni yenye kava, yaani kifuniko kinachoizunguka feni nyuma ya rejeta. Wa pili ni kasha la mbele linaloiongoza hewa hadi kwenye rejeta, kisha hewa hutokea chini ya gari. Wa tatu ni kasha la mbele na la nyuma, hewa ikitolewa juu ya boneti. Wote hufanya kazi. Kinachoamua ni mwendo wa gari, aina ya barabara, na kiasi cha vumbi.

Hesabu kabla ya kushika mkasi wa bati

Injini ya nguvu-farasi 140 hivi, ikikanyagwa mfululizo, hutupa takriban kilowati 60 za joto kwenye maji. Hewa ya Mtwara ikiingia na nyuzi 30 na kutoka na nyuzi 70, kila sekunde inatakiwa kilo moja na nusu ya hewa, yaani karibu mita za ujazo 1.3. Kwa rejeta ya sentimita 65 kwa 35, hewa hiyo inapita kwenye mapezi kwa mwendo wa mita 5.6 kwa sekunde, sawa na kilomita 20 kwa saa. Gari linaweza kuwa linakwenda 100, lakini ndani ya rejeta hewa inatembea kwa 20. Kazi ya kasha la mbele ni kuipunguza mwendo hewa hiyo taratibu ili mwendo wake ugeuke kuwa presha inayoisukuma kupita kwenye mapezi.

Presha ya upepo hukua haraka mwendo unapoongezeka. Kwa hewa ya nyuzi 30, hiki ndicho unachopata mbele ya gari, kwa paskali (kipimo cha presha) na kwa urefu wa maji ambao presha hiyo inaweza kuuinua:

- kilomita 40 kwa saa: paskali 70, au milimita 7 za maji
- kilomita 50: paskali 110, milimita 11
- kilomita 80: paskali 285, milimita 29
- kilomita 100: paskali 450, milimita 46
- kilomita 140: paskali 875, milimita 89

Feni ya umeme ya kawaida hufanya kazi katika kiwango cha paskali mia moja na kitu. Kwa hiyo chini ya kilomita 50 feni ndiyo inayobeba mzigo. Ukipita 80, upepo wa gari unaizidi mbali, na feni yenye kava iliyozibwa pande zote inaanza kuwa kizuizi. Watu wengi hubishana juu ya feni na kasha kana kwamba ni lazima kuchagua kimoja. Kila kimoja kina mwendo wake.

Mpango wa kwanza: rejeta wazi, feni na kava

Huu ndio wa bei nafuu na rahisi kutengeneza hata ukiwa Nachingwea na fundi bati mmoja. Unafaa gari linalokimbia kwenye vumbi na kona nyingi, ambako mwendo haukai juu ya 80 kwa muda mrefu, na pia kwenye milima kama ile ya kutoka Masasi kupanda Newala, injini ikiwa gia ya pili na upepo wa mbele ukiwa hafifu. Pale, kasha zuri la aluminiamu haliwezi kukuokoa kwa sababu paskali 70 ni kidogo mno. Feni ndiyo tegemeo.

Feni ikae nyuma ya rejeta na kuvuta. Ikikaa mbele na kusukuma, mota na mabawa yake huziba sehemu ya uso wa rejeta wakati wote. Kava ifunike uso wote wa rejeta, na bawa liwe sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye mapezi. Feni iliyofungwa bila kava, kwa vile vijiti vya plastiki vinavyopenya kwenye mapezi, hupoza duara lake tu, na vijiti hivyo hukata tyubu za rejeta kwa mtikisiko wa barabara. Tusingeifunga hivyo hata kwa muda.

Kwa ajili ya mwendo mkubwa, toboa kwenye kava matundu manne hadi sita ya upana wa sentimita 6, kisha funika kila moja kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa upande wa juu tu. Feni ikivuta, mpira hunasa na kuziba. Upepo wa gari ukizidi, mpira hufunguka na hewa hupita.

Umeme nao una makosa yake. Feni ya inchi 14 yenye nguvu hula ampea 15 hadi 20, kwa hiyo ipewe waya wake wa milimita za mraba 4, fyuzi ya ampea 30 na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo). Waya mwembamba uliochukuliwa kwenye taa hushusha volti na feni huzunguka kivivu. Baada ya kufunga, weka karatasi mbele ya rejeta: ikinasa, feni inavuta. Ikipeperuka, chanya na hasi zimebadilishwa na feni inapigana na upepo wa gari. Kosa hili la dakika moja limeua gasketi nyingi za silinda hedi, kwa sababu gari likisimama linapoa vizuri na kila mtu anaamini feni ni nzima.

Udhaifu wa mpango huu uko kwenye lami. Hewa inayoingia kwenye mdomo wa bampa hukutana na nafasi pembeni, juu na chini ya rejeta, na kwa kuwa mapezi yana ukinzani, hupita kwenye nafasi hizo.

Mpango wa pili: kasha la mbele, hewa itokee chini

Kwa gari linalofanya mambo yote mawili, lami kutoka Mtwara kwenda Mingoyo na kisha vumbi, huu ndio mpango ambao tungeufunga kwanza. Unatumia bati la aluminiamu la milimita 1, karibu mita moja ya mraba, uzito usiofika kilo 3, na kazi ya siku mbili kwa fundi anayejua kukunja.

Anza na ukubwa wa mdomo. Kwa gari la lami linaloshinda juu ya 100, mdomo wa theluthi moja ya uso wa rejeta unatosha: kwa rejeta yetu ya sentimita za mraba 2,275 ni kama 760, yaani 38 kwa 20. Kwa gari la vumbi na milima, anzia nusu, karibu 1,140. Kuliacha wazi bampa zima hakuongezi kitu. Hewa inayozidi inaingia na kugeuka, na gari linakuwa zito mbele ya upepo bila faida.

Umbo la kuta ndilo linalowachanganya mafundi. Ukuta ulionyooka usipanuke zaidi ya pembe ya nyuzi 7 kila upande, la sivyo hewa inaachana nao na kuzunguka ovyo. Lakini kutoka mdomo wa urefu wa sentimita 20 hadi rejeta ya 35 kwa nyuzi 7, ungehitaji sentimita 61 za nafasi, na gari dogo lina 25 au 30. Suluhisho ni kuta zinazopinda kama mdomo wa tarumbeta: zianze karibu zimenyooka, kisha zifunguke kwa kasi katika theluthi ya mwisho, karibu kabisa na rejeta. Ukinzani wa mapezi unaisaidia hewa kujisambaza pale. Ukikunja ukuta mmoja wa mshazari kuanzia mdomoni, kona za rejeta hazipati hewa, na utaziona baada ya mbio zikiwa safi wakati katikati pamejaa vumbi.

Kabla ya bati, tengeneza kielelezo cha boksi la karatasi ngumu, ukirudisha bampa kila mara kuona kama panapita. Ukikata bati, acha ukingo wa milimita 15 hadi 20 wa kupigia riveti, riveti za milimita 4, kila sentimita 6 hadi 8. Makali ya mdomo yasiachwe yakiwa kama kisu. Pasua mpira wa maji wa milimita 12 au 15 uuvalishe ukingo mzima, kwa sababu ukingo wa mviringo huikubali hewa hata gari likiwa kwenye kona na upepo ukija kwa pembeni.

Kasha lisigusane na tangi la rejeta. Rejeta inatakiwa kuelea kwenye mipira yake. Kasha likipigwa riveti moja kwa moja kwenye rejeta, mtikisiko wa makorongo unapasua tangi kwenye mshono. Acha nafasi ya sentimita moja hivi, uijaze kwa sponji ya milimita 20 iliyobanwa. Sponji ya godoro haifai: hunywa maji, huoza, na baada ya mvua chache inabaki vumbi la njano. Tumia sponji ngumu isiyonywa maji, kama ile ya kandambili, au raba ya mlango wa gari la kukatwa. Ziba pia tundu la taa na nafasi kati ya rejeta na fremu ya juu. Tundu la upana wa kidole, likiwa refu kama rejeta, hupitisha hewa nyingi kuliko macho yanavyodhani.

Sasa upande wa kutokea, ambao ndio nusu ya kazi na ndio unaosahaulika. Hewa iliyopashwa moto imetanuka: kutoka nyuzi 30 hadi 70 ujazo wake umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 10. Nyuma ya rejeta kuna injini, eksozi na ukuta wa kabini. Njia ya kutokea chini ianzie mara moja na nusu ya ukubwa wa mdomo, na ikae karibu na ukuta wa kabini, mahali ambapo hewa ya chini ya gari haisukumwi kuingia. Sampu gadi (bati la kukinga sampu, bakuli la oili chini ya injini) iliyofunika chumba chote cha injini kutoka bampa hadi gia boksi ni adui: inalinda sampu na kuifungia hewa. Ikatwe nyuma, au itobolewe matundu yanayotazama nyuma.

Mbele, chini ya bampa, shusha ukanda wa mpira wa sentimita 5 hadi 8. Huu huzuia hewa ya chini isipande kwenye chumba cha injini, na hupunguza presha ya pale hewa inapotokea. Kwenye barabara zetu usiufanye kwa fibaglasi. Mpira wa madigadi ya lori wenye unene wa milimita 5 hugusa tuta ukajikunja na kurudi.

Mpango wa tatu: hewa itoke juu ya boneti

Huu ni wa lami na mwendo mkubwa, na kwenye kazi hiyo hauna mpinzani. Rejeta hulazwa, kichwa kikiegemea mbele, ili uso wake wa nyuma utazame juu. Kasha la pili huichukua hewa yote iliyotoka na kuipandisha hadi tundu la boneti. Hewa haigusi injini kabisa. Faida ya pili ni kwamba pua ya gari haiinuliwi na hewa iliyofungwa chini ya boneti, kwa hiyo usukani haulegei kwenye mwendo mkubwa.

Mahali pa tundu ndipo pa kufa au kupona. Presha ni ndogo kwenye theluthi ya mbele ya boneti, pale hewa inapopinda kupita juu ya pua. Kwenye kitako cha kioo cha mbele presha ni kubwa, kwa sababu hewa inagonga kioo. Ndiyo maana kuinua nyuma ya boneti kwa washa (ringi za chuma) chini ya bawaba, mtindo unaoonekana sana mjini, husaidia gari lililosimama tu. Likikimbia, hewa inaingia pale badala ya kutoka. Mitsubishi Lancer Evolution imetoka kiwandani na matundu ya boneti ya kutolea hewa, na inafaa kuitazama kabla ya kukata. Subaru Impreza yenye tabo ni kitu kingine: pua iliyo juu ya boneti yake huingiza hewa kwenye intakula, kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo kwenda kwenye injini. Kuiiga pua hiyo kwenye gari lisilo na intakula juu ya injini ni kuongeza presha nyuma ya rejeta na kuipunguzia hewa.

Tundu liwe mara 1.2 ya mdomo au zaidi, na kwenye ukingo wake wa mbele simamisha kibati cha milimita 10 hadi 15. Hewa ikikiruka inaacha utupu unaoivuta hewa ya rejeta. Kasha la nyuma na la mbele kwa pamoja hutumia karibu mita mbili za mraba za bati, kilo tano na kitu. Plastiki ya mabango ya matangazo inaweza kutumika mbele kwa majaribio, lakini nyuma ya rejeta na karibu na eksozi italainika.

Gharama zake ni hizi. Mpira wa juu wa maji ya rejeta ukipasuka, mvuke unapiga kioo mbele ya dereva na haoni kitu. Ni jambo zito, kwa hiyo mipira na vibano viwe vipya kila msimu. Hewa ya moto huingia kabini kupitia matundu yaliyo chini ya kioo. Mvua ya masika huingia moja kwa moja kwenye feni. Na baadhi ya madaraja ya mashindano hayaruhusu boneti iliyokatwa, kwa hiyo soma kanuni za daraja lako kabla ya msumeno. Kwa vumbi, mpango huu hauleti faida inayolingana na kazi yake.

Pima, usikisie

Huhitaji kifaa cha gharama. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaoonekana ndani, upinde kama herufi U, uujaze nusu kwa maji yenye rangi, na uufunge kabini pembeni ya rula. Ncha moja ya mpira ipelekwe mbele ya rejeta, nyingine nyuma yake, zote zikitazama pembeni ili zisipigwe na upepo. Tofauti ya urefu wa maji ni presha inayosukuma hewa kwenye rejeta, na kila milimita ni karibu paskali 10. Abiria asome, dereva aendeshe, na iwe mahali palipofungwa au kwa mwendo unaoruhusiwa. Kwa 80 una milimita 29 za upepo, na ukisoma 8 tu, zilizobaki zinapotea.

Kujua zinapotelea wapi, hamisha ncha ya mbele iachwe ndani ya kabini, dirisha likiwa wazi kidogo, na ya nyuma ibaki nyuma ya rejeta. Chumba cha injini kikionyesha presha kubwa kuliko kabini, tatizo ni pa kutokea. Kikiwa sawa, rudi mbele ukazibe matundu. Kwa mpango wa tatu, bandika nyuzi za sufu za sentimita 8 kuzunguka tundu la boneti na umwombe mtu apige picha ya video kutoka gari la pembeni. Nyuzi zinazoingia ndani zinakuambia tundu liko mahali pabaya.

Pima pia joto la mpira wa maji wa juu na wa chini wa rejeta, injini ikiwa na mzigo. Gari likichemsha na tofauti ni nyuzi 2 au 3, maji yanazunguka vizuri na hewa haitoshi. Tofauti ikizidi 15, maji hayatembei: angalia pampu, themostati (vali inayofungua njia ya maji yakipata moto), au tyubu za rejeta zilizoziba kwa chumvi na kutu. Kipimo hiki kinatakiwa kutangulia bati lolote, kwa sababu kasha halitengenezi pampu.

Chumvi, mchanga na maji

Pwani hii hula aluminiamu. Gari linaloshinda Mikindani au karibu na mashamba ya chumvi ya Lindi lisafishwe rejeta kwa maji yasiyo na chumvi kila wiki, ukipiga kutoka nyuma kwenda mbele kwa presha ndogo. Mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi, na pezi lililolala ni ukuta. Kondensa ya AC ikiwa haitumiki iondolewe. Imekaa mbele ya rejeta na vumbi jekundu hujaa katikati yao, mahali mkono haufiki.

Wavu wa kuzuia mawe uwe na macho ya sentimita 1 na waya wa milimita 1: unaacha wazi zaidi ya asilimia 80. Uweke mdomoni, mbali na mapezi, uweze kufutwa kwa mkono. Wavu wa mbu hujaa panzi na majani makavu kabla ya nusu ya safari.

Kwa maji, hapa hakuna barafu. Kulanti ya asilimia 30 hivi ndani ya maji yaliyosafishwa inatosha kuzuia kutu, na maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti tupu. Maji ya kisima yenye chumvi yasiingie kabisa. Kifuniko cha rejeta cha bar 1.1 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 120, mradi mpira wake uwe mzima. Ukishamaliza kujaza, pandisha pua ya gari, washa injini na kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi, subiri themostati ifunguke na mapovu yaishe. Hewa iliyobaki kwenye silinda hedi itakufanya ulilaumu kasha ambalo halina kosa.